Motokari Yenye Iliangalia Mulango

Nitakuelezea habari ya Isidore, shemeki yangu, bwana ya yaya yangu Angèle, dada yangu mukubwa. Lakini mbele ya kuanza, ujue kwanza nani anakuelezea. Miye ni Rodrigue. Ule Rodrigue mwenye alipeleka camion Fuso, lori kubwa, mpaka Ariwara mara mia mbili na hakuacha hata rétroviseur moja, kioo ya kuangalia nyuma, mu njia. Masomo niliachia ku mwaka ya sita ya primaire, juu mwalimu alichoka mbele yangu miye kuchoka. Lakini nikisema neno juu ya motokari, weye funga kinywa usikilize. Hivyo nilikuwaka ninaambia batu wote, na Isidore pia, miaka saba nzima. Alikuwa ananisikiliza tu, akitikisa kichwa, kama mutu anasikiliza radio yenye haishike muzuri.

Isidore mwenyewe hana maneno mingi. Kule Djugu alikuwa shoferi ya misioni, miaka makumi mbili na ine, akipeleka mabati, masista na bagonjwa. Mutu murefu, mwembamba, shati yake imefungwa mpaka kifungo ya juu hata jua ikiwaka. Leo anaikala Mudzi-Pela, hapa Bunia, mu parsele moja, kiwanja yenye uwa ya mabanzi na garaji ya matofali. Hiyo garaji ndiyo ilimupatia jina mu quartier, mu mutaa yetu. Banamuita Dokta. Ile jina miye ndiye nilimupatia, usisikie mutu mwingine anajisifu.

Ndani ya garaji kuko Corolla moja nyeupe, ya zamani, yenye umri sawa na mupwa wangu Gracieuse, mutoto yao, na Gracieuse iko na miaka makumi mbili na sita. Ukiona namna alikuwa anaichunga, ungefikiri ni motokari ya mukubwa fulani. Ku nguzo mbili za mulango alipigilia mipira ya magurudumu ya zamani yenye alipasua katikati, ili ubavu ikigusa iguse mupira, hapana matofali. Ku ukuta ya upande wa shoferi alifunga kipande ya mousse ya godoro, ili mulango ya motokari ikifunguliwa kwa haraka isigonge. Ku boriti ya juu alitundika soksi yake ya misioni, amejaza maharagi ndani, inaning'inia na kamba. Kioo ya nyuma ikigusa soksi, unajua umefika. Na kama soksi haukuiona, chini kulikuwa gogo ya mukaratusi, ameifunga mu sima ya kujengea na vyuma. Magurudumu ya nyuma inagusa gogo, motokari inasimama. Nyuma ya ile gogo, mpaka ukuta, kulibaki tena nafasi ya mikono mbili.

Chini hakukuwa kitu kingine. Hata fagio. Hata kuku haikuingia. Ukisahau beseni mule ndani, alikuwa anakuletea beseni yako mpaka kwako, anakupatia, anarudi, neno hakuna. Hiyo ilikuwa mbaya kuliko kutukanwa.

Nilimuambia ile si garaji, ni maternité, nyumba ya kuzalia, na Corolla ni mutoto mwenye alizaliwa ku mwezi ya saba. Quartier nzima ilicheka. Yaya Angèle pia alicheka, mpaka machozi.

Mu ile parsele kulikuwa sheria mbili. Ya kwanza: motokari inaingia kinyumenyume, kila siku, hata mvua, hata njaa. Pua iangalie mulango ya parsele, na mulango ya parsele iangalie njia. Ya pili: kuna neno moja hakuna mutu anasema pale. Ile neno ni *inaenea*.

Weye mutu wa Bunia unaijua. Ukipima suruali kwa fundi, anakuuliza, unajibu inaenea: nafasi iko, mwili inaingia. Bakikupakulia ugali na imekuwa mingi, unasema inaenea: basi, usiongeze. Neno moja, kazi mbili. Hakuna mutu anapotea, juu suruali anaiona na sahani anaiona. Lakini kwa Isidore ile neno haikusemwa hata ku meza. Yaya Angèle akikupakulia na umeshiba, unafunika sahani na mukono. Pasta mumoja alikuya kula pale dimanche moja kisha ibada, akasema inaenea, mama, aksanti. Gracieuse alikohoa, Isidore alitoka inje kuangalia mawingu. Pasta hajui mpaka leo dhambi yake ilikuwa nini.

Ile neno ndiyo ilivunja nyonga ya yaya yangu.

Ilikuwa mu mwaka ya elfu mbili na kumi na munane, kule Djugu, saa ine ya asubuhi. Garaji ya ile nyumba yao ya zamani ilikuwa kama garaji ya batu wote: mifuko ya maharagi hapa, baiskeli pale, pipa ya mafuta, mabati, kitanda yenye kuvunjika muguu. Na motokari ilikuwa imeingia na pua mbele, inaangalia ukuta, juu ndiyo vile mutu anaingizaka motokari akirudi na uchovu. Ile asubuhi masasi ya bunduki ilianza kulia ku kilima ya pili. Majirani bakaanza mbio. Isidore aliingia mu Corolla, atoke kinyumenyume katikati ya ile vitu yote. Mu rétroviseur aliona mifuko tu. Yaya Angèle akasimama nyuma, kati ya motokari na nguzo ya matofali, amuongoze.

Isidore alitoa kichwa mu dirisha, akauliza, "Inaenea?" Alitaka kujua kama nafasi iko.

Yaya aliona parshoki, ile bampa ya nyuma, imefika karibu na tumbo yake. Akajibu, "Inaenea." Alitaka kusema basi, simama.

Isidore alisikia nafasi iko. Akakanyaga.

Hapa sitaongeza kitu. Bakamulaza ku kiti ya nyuma, kichwa ku magoti ya Gracieuse, batoto bane ya jirani bakabanana mbele, na siku ile ile bakafika Bunia. Parshoki ilikuwa imeingia kidogo tu, kama shavu ya mutu mwenye hana meno. Motokari yenyewe haikupata kitu kingine.

Yaya Angèle hakutembea tena kama mutu. Kutoka kitanda mpaka kiti, na magongo mbili. Kutoka kiti mpaka mulango, na mutu ya kumushika. Ku moto, ni kusema pikipiki, hakuweza kupanda hata kidogo, juu nyonga haikukubali kufunguka. Siku moja Isidore alikuwa anachonga ile gogo ya mukaratusi, na miye nimesimama pale ninamupigia mizaha. Akaniambia, bila kuniangalia, kama Corolla ndiyo miguu ya bibi yake. Siku masasi italia tena, ao siku ugonjwa itabisha ku mulango, motokari inapaswa kutoka bila kugusa kitu. Ikikwama mu garaji, ni yeye amemuvunja mara ya pili. Kisha akaendelea kuchonga. Ilikuwa maneno mingi kuliko yenye alisema ule mwezi wote.

Na miye, unafikiri nilinyamaza? Nilimuambia, Dokta, chonga muzuri, mutoto asianguke ku kitanda.

Hao wawili, bwana na bibi, walikuwa na mabishano moja yenye haikuisha. Isidore alisema kosa ni yake juu aliuliza vibaya. Yaya alisema hapana, ni yeye alijibu vibaya, yeye alikuwa na macho na Isidore hakuwa nayo. Balikuwa banabishana hivi wakichagua maharagi ku barza, pole pole, kila mumoja anavuta kosa upande yake, kama batu wawili banang'ang'ania blanketi. Sijaona bibi na bwana wengine wanapigania kuwa mwenye makosa. Kwangu mabishano inaenda upande mwingine.

Kila samedi, ni kusema jumamosi, saa tisa ya muchana, ilikuwa saa ya mazoezi. Isidore anabeba yaya kutoka kitanda, anamutia ku kiti ya mbele, Gracieuse anafungua mulango ya parsele, motokari inatoka, inafika ku njia, inasimama. Anaangalia saa yake. Mara ya kwanza ilikuwa dakika kumi. Kisha ine. Mwaka ya tano bakafika dakika mbili na nusu, na majirani bakapiga mikono. Miye nilikuwa ninasimama ku mulango na filimbi, arbitre, mwamuzi kama wa mupira. Yaya Angèle alikuwa anapunga mukono mu dirisha, amevaa kikwembe, kitenge yake ya kanisa, kwa kwenda mita makumi tatu na kurudi.

"Rodrigue," aliniambia siku moja kutoka mule ndani, "njia yote ya Ituri unaijua. Garaji haujui."

"Yaya, mutu mwenye anapita Bogoro na matope ya mwezi ya ine, garaji itamushinda?"

"Haujui garaji juu haujawahi kupata kitu ya kuingiza ndani."

Watu walicheka mpaka bakashika ukuta. Ni kweli, Fuso ilikuwa ya patron, tajiri yangu. Nilipiga filimbi, nikamupatia carton rouge, kadi nyekundu.

Mwaka jana, mu mwezi ya kumi, kaka mukubwa ya Isidore alikufa kule Marabo. Ilibidi Isidore aende ku matanga. Alipanda taxi-bus. Corolla ibaki, alisema, haitoke Bunia kama Angèle iko Bunia. Akaniita. Alinizungusha mu garaji kama mwanafunzi: mipira, mousse, soksi, gogo. Aliniuliza motokari inaingia namna gani, nikamujibu kinyumenyume. Aliniuliza chini kunabaki nini, nikamujibu hakuna kitu. Aliniuliza neno yenye haisemwe.

"Shemeki, niko na mvi sasa," nilimuambia. "Weye enda ulie ndugu yako. Unaachia motokari mutu ya Ariwara."

Akanipa funguo. Aliishika kidogo tena ndani ya mukono yangu, kisha akaiachilia.

Vendredi, siku mbele ya samedi, nilifanya vizuri, na sitaki usahau hiyo. Niliwasha injini, nikatoka, nikarudi kinyumenyume, soksi ikabusu kioo, magurudumu ikagusa gogo. Yaya alikuwa ku dirisha. Alitikisa kichwa kama mwalimu mwenye anaona mutoto mujinga amepata jibu.

Samedi ilikuwa siku nyingine. Bibi yangu alivuna mahindi kule Bogoro, na camion ilishusha mifuko yake ine ku parking. Mvua ilikuwa inatayarisha. Nilifikiri, kuko Corolla, kuko miye, mifuko ine ni kitu gani? Mbili ku kiti ya nyuma, mbili mu coffre, mu buti ya nyuma. Na juu niko mutu ya kujionyesha, na sijaficha hiyo, nilipita kwanza kwa Constant, ku ile baa yake ya quartier Saio, ili batu banione ku volant, nimeshika usukani. Niliikala kidogo. Watu bakaniona muzuri. Kutoka pale mvua ikaanguka kama imekatwa na kisu.

Nikafika ku parsele na essuie-glace, ile ya kupangusa kioo, inafanya kazi moja tu, ya kuonyesha kama inachoka. Kwa kuingia kinyumenyume ingebidi nigeuze mu njia, na njia ilikuwa imekuwa muto. Nikasema, kwa mara moja. Nikaingia na pua mbele.

Sasa sikiliza, juu hapa ndiyo kazi ya mikono ya Isidore ilinigeukia. Ile gogo aliipima kwa magurudumu ya nyuma. Ku nyuma parshoki iko juu, inapita bila kugusa. Ku mbele parshoki iko chini. Nilisikia imefika ku gogo na imekataa. Nikapatia injini nguvu kidogo. Ikapanda, ikavuka, ikaikala upande ya pili, *kop*. Nilisikia ile sauti muzuri kabisa. Nilijiambia haina neno. Mutu mwenye amepita njia ya Ariwara ataogopa *kop*?

Kisha nikashusha mifuko. Ku nyumba hakukuwa nafasi, basi nikaipanga mu mulango ya garaji, nyuma ya motokari, ine, moja juu ya mwingine, isilowane.

Gracieuse alikuwa ku mulango ya jikoni, akaniambia kama papa yake hatafurahi. Nikamujibu papa yake anarudi lundi, siku mbili tena, na leo ni samedi. Yaya Angèle aliona yote kutoka dirisha yake. Hakupandisha sauti.

"Rodrigue, geuza motokari."

"Yaya, mvua."

"Geuza tu."

"Kesho asubuhi, yaya. Mbele ya misa. Nitaigeuza mpaka utapiga mikono."

Kisha akamuambia Gracieuse anipakulie. Nilikula sombe ya majani ya muhogo na ugali, nikashiba, nikafunika sahani na mukono, nikaenda kwangu kulala.

Dimanche, saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, telefone ililia. Gracieuse, mwenye ananiitaka noko, mujomba wake, alisema tu, noko, mama. Nilitoka bila kufunga kamba ya viatu. Moïse, jirani yangu mwenye anaendesha moto, alinipeleka mpaka Mudzi-Pela mu matope, miguu yetu chini kama makasia.

Gracieuse alikuwa amemuikalisha mama yake ku kiti ya plastiki, karibu na mulango ya garaji, amemuvalisha ile kikwembe ya kanisa, juu balikuwa wanajitayarisha kwa misa wakati ile kitu ilimukamata. Kinywa ilikuwa imepinda. Mukono ya kuume ililala ku magoti kama kitu ya mutu mwingine. Macho ilikuwa yake. Macho iliniangalia, kisha ikaangalia mifuko.

Mvua ya usiku ilikuwa imeingia chini ya mulango, mifuko imekunywa maji. Miye na Moïse tulivuta ya kwanza, ikapasuka, mahindi ikamwangika mpaka chini ya magurudumu. Tulivuta ya pili, ya tatu, ya ine. Sikuangalia saa. Isidore angeiangalia. Ninajua tu ile dakika mbili na nusu ilikuwa imepita zamani.

Nikaingia, nikawasha, nikaweka marche arrière, ya kurudi nyuma. Motokari ikarudi kiganja moja, ikasimama. Nikashuka. Parshoki ya mbele ilikuwa imeshika nyuma ya gogo kama ndoana mu kinywa ya samaki. Ilitakiwa cric, ile jeki ya kuinua pua pole pole. Cric ilikuwa mu coffre, coffre ilikuwa imepinda na uzito ya mifuko ya jana, haikufunguka. Nikarudi ku volant. Nikatoa kichwa mu dirisha, nikaangalia nyuma.

Yaya Angèle alikuwa anainua mukono ya kushoto. Kinywa ilikuwa inatafuta. Gracieuse alimuinamia, juu alifikiri anataka maji. Lakini alikuwa ananiangalia miye. Alisema pole pole, kila kipande peke yake:

"I-na-e-nea."

Miaka saba sikusikia ile neno mu kinywa yake. Nikafikiri: ameona. Yeye iko ku upande, anaona vizuri kuliko miye, ananiongoza. Nafasi iko.

Nikakanyaga mpaka chini.

Parshoki ilikatika na radiateur, ile ya maji ya injini, ikafuata. Motokari ikaruka nyuma, ikateleza juu ya mahindi, ikageuka ubavu, ikaenda kujibana katikati ya nguzo zile mbili zenye mipira. Maji ya kutu ilimwangika. Injini ikakohoa, ikazimika. Haikuwaka tena.

Nikageuka. Mukono yake ya kushoto ilikuwa bado juu. Sasa alikuwa anaonyesha moto ya Moïse. Alikuwa amesema basi. Acha motokari. Basi.

Tulimupandisha ku moto. Yeye mwenye nyonga yake haikufunguka miaka saba, tuliifungua. Tulimufunga ku mugongo ya Moïse na kikwembe, Gracieuse akaikala nyuma akimushika. Hakulia. Alifunga macho tu. Bakaenda, na miye nikafuata na miguu, nikikimbia mu matope na viatu bila kamba. Mutu ya safari mia mbili ya Ariwara.

Alikufa ku hopitali, saa sita ya muchana. Dokta, ule wa kweli, alituambia kama mushipa ya damu ilipasuka mu kichwa, na labda hata tungefika mapema ingekuwa vilevile. Labda. Ile labda nimeigeuza upande yote, na sijapata mahali pa kuilaza.

Isidore alipata habari ku telefone na akafika mbele ya jioni. Bâche, turubai ya matanga, ilikuwa imefungwa, viti imepangwa, bamama ya kanisa banaimba. Alipita katikati yao, hakusalimia mutu, akaenda garaji. Nilimufuata. Alisimama mbele ya ile kitu, Corolla imebanana mu mulango kama ng'ombe mwenye amekataa kuingia. Aliangalia mahindi, ilikuwa imeanza kuvimba na maji. Aliangalia gogo. Soksi ilikuwa bado inaning'inia, haina alama yoyote.

Nikamuelezea yote. Mifuko, mvua, Constant, *kop*. Sikuacha hata kipande. Nilikuwa nimetayarisha shavu yangu, na ningeshukuru.

Alichutama, akaokota kipande ya parshoki, akaipangusa matope na mukono ya shati yake.

"Ku mwisho alisema nini?"

Ningeweza kudanganya. Nimedanganya polisi wa kila barrière ya njia kutoka hapa mpaka Aru, na kinywa yangu haijawahi kukosa kazi. Gracieuse hakuwa pale, hakuna mutu angenisahihisha.

"Alisema inaenea."

Bamama walimaliza wimbo moja, bakaanza mwingine. Isidore hakuinua kichwa.

"Na weye ulisikia namna gani?"

"Kama nafasi iko."

Aliweka ile kipande chini, pole pole, kama unaweka yai.

"Miye pia," akasema.

Tangu ile siku hakunirudilia ile neno tena, na hakuna mutu mwingine alimusikia ananilaumu. Afadhali angenilaumu.

Roger, fundi ya motokari ya pale ku njia-panda, alikuya kuangalia. Alisema ni kazi ya siku mbili, radiateur iko ku duka, parshoki iko. Nilitaka kulipa na mahindi yote yenye ilibaki. Isidore alikataa. Tulisukuma Corolla mpaka ndani, kwa mikono, batu sita, na pale iko mpaka leo. Nilimuuliza kama tuigeuze, iangalie njia. Akaniuliza, iangalie kwa nini?

Basi inaangalia ukuta. Kuku wanaingia sasa. Gracieuse anaweka beseni zake mule, na makaa, na fagio. Mousse ya ukuta, panya wamechukua nusu. Jina ya Dokta pia imekwisha, nilikataza batoto ya quartier kuiita, na mwenye anaisahau anajua mukono yangu.

Samedi, saa tisa ya muchana, Isidore anatoa kiti ya plastiki, anaikala mbele ya mulango ya parsele, shati imefungwa mpaka juu. Ninakuyaka pia. Ninaikala kando yake. Filimbi niliiachaka kwangu. Kuna siku ninajaribu kumuchekesha, ninamuelezea ile mara Fuso ilinishinda ku kilima na nikamuambia patron kama kilima ndiyo ilisogea. Anatikisa kichwa. Radio haishike muzuri.

Kisha Gracieuse anatuita kula. Iko na mikono ya mama yake, anapakuliaka mingi. Samedi yenye imepita alisahau, ao labda hakusahau, labda iko kijana na neno kwake imekuwa neno tu. Alisimama juu yangu na mwiko, akaniuliza, noko, inaenea?

Isidore aliacha kutafuna. Miye, mwenye sijakosa jibu tangu nizaliwe, nilifunika sahani na mukono.